Kuwawezesha Wazee Kujitegemea Nyumbani: Mazingira ya Kilambo, Mtwara

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, na inaiweka familia kuwa mhimili wa kwanza wa matunzo yake. Makazi ya wazee yanayosimamiwa na Serikali yapo kwa ajili ya wale wasio na ndugu wala jamaa wa kuwatunza, na kupelekwa huko huhesabiwa kuwa hatua ya mwisho. Maana yake ni kwamba Watanzania walio wengi watazeekea katika nyumba zao wenyewe, kwenye vijiji vyao, miongoni mwa majirani zao. Linalobaki ni kuhakikisha kwamba nyumba hizo na vijiji hivyo vinafaa kuishi mtu wa umri huo.

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, wakiwamo wazee zaidi ya milioni 3. Mkoa wa Mtwara peke yake ulikuwa na watu 1,634,947, wengi wao wakiishi vijijini na kutegemea kilimo. Makala haya yanaeleza namna makazi ya vijijini yanavyoweza kurekebishwa ili mzee aendelee kujitegemea, yakitumia mfano wa Kilambo, kijiji cha mpakani kilicho kando ya Mto Ruvuma wilayani Mtwara.

Maana ya kujitegemea uzeeni

Kujitegemea uzeeni si kuishi peke yako, wala si kukataa msaada wa watoto na wajukuu. Ni mzee kuweza kuyafanya mambo yake ya kila siku bila kulazimika kumsubiri mtu: kuamka kitandani, kwenda msalani, kuoga, kuteka maji ya kunywa, kupika uji, kufika msikitini au kanisani, kwenda zahanati, kupokea fedha zake na kuamua matumizi yake.

Uwezo huo haupotei kwa siku moja. Hupotea kidogo kidogo, na mara nyingi kinachoupoteza si umri wenyewe bali ni kizingiti kirefu, choo cha kuchuchumaa kisicho na mahali pa kushika, au kisima kilicho mbali. Mzee anayeogopa kwenda chooni usiku hupunguza kunywa maji tangu jioni. Upungufu wa maji mwilini huleta kizunguzungu, kufunga choo na maambukizi ya njia ya mkojo. Kizunguzungu huleta anguko, na anguko moja linaweza kuvunja nyonga na kumlaza kitandani mtu aliyekuwa akilima shamba lake mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki dunia kila mwaka kutokana na kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaoathirika zaidi ni wenye umri wa miaka zaidi ya 60. Sababu ni pamoja na misuli kudhoofika, mtoto wa jicho, shinikizo la damu kushuka mtu anaposimama ghafla, na dawa zinazoleta usingizi. Lakini mahali anapoangukia mzee ni pale pale anapopita kila siku, na pahali hapo panaweza kurekebishwa.

Kilambo na mazingira yake

Kilambo ipo kusini mwa mji wa Mtwara, katika bonde la chini la Mto Ruvuma, ambao ni mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Kivuko cha MV Kilambo, kilicho chini ya Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA), kimekuwa kikiunganisha kijiji hicho na upande wa Namoto, Msumbiji. Kwa kuwa mto hapo haupo mbali na bahari, safari za kivuko hufuata kujaa na kupwa kwa maji. Kuelekea mdomoni mwa mto kuna mikoko na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000.

Wakazi wa ukanda huu hulima mpunga mabondeni, na muhogo, ufuta na korosho katika ardhi ya juu. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Nyumba nyingi za asili zimejengwa kwa fito na udongo, na kuezekwa kwa makuti au nyasi, ingawa matofali na bati vinaongezeka. Choo na bafu huwa nje, uani. Jiko huwa kibanda cha pembeni. Na mbele ya nyumba kuna baraza, mahali pa kupokelea wageni na kuzungumzia mambo ya ukoo.

Mpangilio huo una faida kubwa kwa mzee. Nyumba ni ya chini, haina ghorofa, na majirani wapo karibu. Vijiji vingi vya mkoa huu vilikusanywa katika miaka ya mwanzo ya 1970, wakati wa uanzishaji wa vijiji vya ujamaa na wakati vita vya ukombozi wa Msumbiji vikiendelea ng'ambo ya mto. Wazee wengi wa leo walikuwa watoto au vijana wakati huo. Nyumba walizozijenga baadaye zilijengwa na watu wenye nguvu kwa matumizi ya watu wenye nguvu, nazo ndizo zinazohitaji kuangaliwa upya sasa.

Marekebisho ndani ya nyumba

Marekebisho mengi hayahitaji mkandarasi. Yanaweza kufanywa na fundi wa kijijini kwa udongo, tofali, mbao na saruji kidogo.

*Mlango na ngazi.* Nyumba nyingi huinuliwa msingi ili maji ya mvua yasiingie, na matokeo yake ngazi ya mlangoni huwa ndefu. Ngazi moja ndefu igawanywe kuwa mbili au tatu fupi, zenye kimo kinacholingana, kisichozidi sentimita 15 kila moja. Nguzo au mwamba wa kushika uwekwe ubavuni, kwenye kimo cha kati ya sentimita 85 na 90. Kwa anayetumia kitimwendo, njia ya mteremko inafaa iwe na urefu wa sentimita 120 kwa kila sentimita 10 za kupanda. Mteremko mkali kuliko huo ni hatari, hasa unapolowa. Ukingo wa kila ngazi upakwe mstari wa chokaa nyeupe, ili macho yaliyofifia yauone hata jioni.

*Choo na bafu.* Hapa ndipo penye umuhimu kuliko pengine pote. Kampeni ya Nyumba ni Choo, iliyozinduliwa Desemba 2017, ilihimiza kila kaya kuwa na choo bora. Kwa kaya yenye mzee, choo bora ni kile anachoweza kukitumia bila kushikwa. Kiti cha tofali kilichosakafiwa vizuri kinaweza kujengwa juu ya tundu la choo kwa kimo cha takribani sentimita 45. Au stuli imara ya mbao iliyotobolewa katikati iwekwe juu ya tundu na kuondolewa wengine wanapohitaji. Nguzo mbili za mti mgumu zilizochimbiwa ardhini, kila upande moja, humwezesha kukaa na kuinuka. Sakafu iwe ya kukwaruza badala ya kuteleza, na bafuni kuwe na kigoda cha kukalia wakati wa kuoga.

*Njia ya kwenda uani.* Njia kati ya mlango wa nyuma na choo isawazishwe, mizizi na mawe viondolewe, na kamba au mwanzi ufungwe kwenye nguzo kuanzia mlangoni hadi chooni ili mzee aufuate gizani. Taa ndogo ya sola inayowaka usiku kucha hupunguza hatari. Pale njia hiyo isipoweza kurekebishwa haraka, ndoo yenye mfuniko chumbani usiku si aibu bali ni kinga.

*Kitanda na chumba.* Kitanda kiwe na kimo cha goti, ili miguu iguse chini mzee anapokaa. Cha chini mno humlazimu kujivuta, cha juu mno humfanya atelemke. Chandarua kichomekwe chini ya godoro, kwa sababu kinachoburuta sakafuni hunasa miguu. Mikeka iliyokunjamana na vyombo vya njiani viondolewe, na mkongojo uwekwe mahali unapofikiwa kwa mkono kabla ya kusimama.

*Jiko.* Kupika kwa mafiga matatu chini kunamtaka mpishi ainame muda mrefu, avute moshi, na kanga yake iwe karibu na moto. Jiko banifu la udongo lililoinuliwa hadi kimo cha kiuno, lenye dohani ya kutolea moshi, hupunguza yote matatu. Vyombo vya kila siku viwekwe kwenye kichanja cha kimo cha kifua, visitundikwe juu wala kuachwa chini.

Kijiji kinachofikika

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa miji rafiki kwa wazee, wenye maeneo manane: maeneo ya wazi na majengo, usafiri, nyumba, ushiriki katika shughuli za jamii, heshima, ushiriki wa kiraia na ajira, mawasiliano, na huduma za jamii na afya. Mwongozo huo uliandikwa kwa ajili ya miji, lakini maeneo yote hayo yapo pia kijijini kwa sura yake.

La kwanza ni maji. Ndoo ya lita 20 kichwani haibebeki tena kwa mtu wa miaka 70, hata kama kituo cha maji kipo jirani. Mahali ambapo maji ya bomba yako mbali au yamekatika, mzee hurudi mtoni, na Ruvuma ni mto wenye mamba na viboko. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), ulioanza kazi mwaka 2019, husimamia miradi ya maji kupitia vyombo vya watumia maji vya jamii. Vyombo hivyo vina nafasi ya kuzingatia mahali nyumba za wazee zilipo wakati wa kuchagua vituo, na kujenga kwenye kila kituo jukwaa la kutulia ndoo. Katika kaya, madumu ya lita 5 yanamfaa mzee kuliko ndoo moja kubwa.

La pili ni usafiri. Bodaboda ndiyo hufika kila mahali, lakini kupanda na kushuka ni kazi kwa mwenye magoti mabovu. Vituo vyenye kivuli na jukwaa la kupandia hugharimu kidogo. Kwenye gati la kivuko, ambako abiria huweza kusubiri maji yajae, benchi lenye kivuli na utaratibu wa kumpisha mzee kwanza ni mambo ya lazima, kwa kuwa koo nyingi za ukanda huu zina watu pande zote mbili za mto, na kuvuka kwa msiba au harusi ni sehemu ya maisha ya mzee.

La tatu ni majengo ya umma. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010 inataka majengo yanayotumiwa na umma yafikike kwa watu wenye ulemavu. Mteremko unaojengwa kwenye zahanati, ofisi ya kijiji au ghala la chama cha msingi kwa ajili ya mwenye kitimwendo humsaidia pia mzee mwenye mkongojo na mama mjamzito.

Fedha, ardhi na uamuzi

Nyumba iliyorekebishwa haitoshi iwapo mzee hana sauti juu ya mali yake. Katika mkoa wa Mtwara korosho zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/2008, na malipo ya mkulima hupitia kwenye akaunti ya benki. Mfumo huo unaweka kumbukumbu, lakini unampa mzee asiyeona vizuri au asiyejua kusoma jambo jipya la kujihadhari nalo: namba ya siri. Mzee anayelazimika kumpa mtu mwingine kadi na namba yake amekabidhi jasho la mwaka mzima. Wazee wanashauriwa kwenda kwa wakala au benki wao wenyewe wakiwa na mtu wanayemwamini, kuomba kusomewa salio kwa sauti ya chini, na kutotaja namba ya siri kwa yeyote.

Kuhusu ardhi, jamii za Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na desturi ya mume kuhamia kwa mkewe ilikuwa ya kawaida. Mjane au mgane anaweza kujikuta uzeeni katika nyumba ambayo ukoo mwingine unaidai. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inatoa hatimiliki ya kimila, na inatambua haki sawa ya mwanamke kumiliki ardhi. Kuandikisha kiwanja na mikorosho mapema, wakati wahusika wote wako hai na wanaelewana, humwepusha mzee na shauri la kuhamishwa. Pale mgogoro unapotokea, hatua ya kwanza ni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao wasiopungua watatu ni wanawake.

Huduma na stahiki za mzee

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza wazee wasio na uwezo wapatiwe matibabu bila malipo katika vituo vya Serikali, na halmashauri hutoa vitambulisho kwa ajili hiyo. Vituo vinatakiwa pia kuwa na dirisha au utaratibu wa kumhudumia mzee kwanza. Kuanzia Kilambo, rufaa huelekea mjini Mtwara, ilipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula. Kwa sababu ya umbali huo, uchunguzi wa macho, shinikizo la damu na kisukari unaofanyika karibu na nyumbani una thamani kubwa: mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji, na kuona vizuri ni kinga ya kwanza dhidi ya kuanguka. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024, wanaweza kumtembelea mzee nyumbani, kumkumbusha dawa na kuziona hatari za nyumba yake kwa macho yao.

Wakulima walio wengi hawana pensheni ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Kaya zenye hali duni sana huweza kuingizwa kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaotekelezwa na TASAF, ambapo walengwa hutambuliwa na wanajamii wenyewe kwenye mkutano wa hadhara. Ni muhimu wazee wasioweza kufika mkutanoni watajwe na majirani zao. Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii kwa kila mkazi mwenye miaka 70 na kuendelea mwezi Aprili 2016, kwa kuanzia na shilingi 20,000 kwa mwezi.

Wakati wa majanga

Aprili 25, 2019 Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari kwa mikoa ya kusini, na mkoani Mtwara shule na ofisi zilifungwa na wananchi wakaelekezwa kwenda mahali salama. Mei 2024 Kimbunga Hidaya nacho kilifika pwani ya Tanzania. Tahadhari ya namna hiyo hutangazwa redioni na kwenye simu, lakini mzee asiyesikia vizuri haimfikii, na akiifahamu hawezi kukimbia. Kila kitongoji kinafaa kiwe na orodha ya wazee wanaoishi peke yao au na wajukuu wadogo, na jina la jirani aliyekubali kuwapelekea habari na kuwaondoa. Orodha hiyo iandaliwe kabla ya msimu wa mvua na kuhuishwa kila mwaka.

Nani afanye nini

Kaya inaweza kuanza na mambo ambayo hayana gharama: kumwuliza mzee mwenyewe ni wapi hujikwaa, kutembea naye kuanzia kitandani hadi chooni wakati wa usiku, na kurekebisha kile kitakachoonekana. Marekebisho yafanywe kwa ridhaa yake. Mzee aliyejengewa choo asichokitaka hatakitumia.

Kijiji kina Baraza la Wazee, ambalo linaweza kukagua vituo vya maji, njia na zahanati na kupeleka mapendekezo kwa Halmashauri ya Kijiji. Mapendekezo hayo huingizwa kwenye mpango wa maendeleo kupitia Mkutano Mkuu wa Kijiji, wenye haki ya kuhudhuriwa na kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Lakini mkutano unaofanyika juani, mbali, na bila viti, huwaacha wazee nyumbani na neno likaharibika. Nguvukazi ya vijana wa kitongoji katika siku moja ya msaragambo inatosha kusawazisha njia za nyumba kadhaa.

Halmashauri ya Wilaya, kupitia Maafisa Ustawi wa Jamii na Maendeleo ya Jamii, ina jukumu la kutambua wazee, kutoa vitambulisho vya matibabu na kuhakikisha majengo mapya ya umma yanafikika tangu kwenye ramani. Kuongeza mteremko wakati wa ujenzi ni nafuu kuliko kubomoa baadaye.

Mwananchi anayemtunza mzee, au mzee anayehitaji huduma, anashauriwa kuanzia kwa Mwenyekiti wa Kitongoji au Ofisa Mtendaji wa Kijiji, ambaye humuunganisha na Ofisa Ustawi wa Jamii. Asisubiri hadi mzee aanguke. Muda mzuri wa kurekebisha nyumba ni wakati mwenye nyumba bado anatembea, na anaweza kumwonesha fundi mwenyewe mahali pa kuchimbia nguzo.